Hiari Haizaliwi na Nasibu

Kwa muda sasa umekuwapo mjadala miongoni mwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Gisenyi, nao ulianza kwa jambo dogo. Mwalimu mmoja aliwapa wanafunzi wake insha juu ya methali isemayo "Ajali haina kinga", akawataka watoe mifano ya mji wetu wenyewe. Wanafunzi hawakuhangaika kutafuta. Karibu wote waliandika juu ya volkeno ya Nyiragongo iliyolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na juu ya matetemeko yaliyofuata ambayo yalipasua nyumba na barabara zetu. Wengi wao walihitimisha kwa kusema kwamba mwanadamu hana hiari yoyote, maana liandikwalo ndilo liwalo.

Mwenzetu mmoja afundishaye sayansi alizisoma insha hizo, akasikitika, akaja na dawa yake. Alisema kwamba wanafunzi hao wanaishi katika fizikia ya babu zao. Fizikia ya leo, alisema, imekwisha kuonyesha kuwa ndani ya atomu mambo hutukia bila kulazimishwa na sababu yoyote iliyotangulia. Hapana kitabu kilichoandikwa, hapana saa iliyotegwa. Ulimwengu uko wazi. Basi, akamaliza, maadamu ulimwengu uko wazi, mwanadamu yu huru. Maneno haya yalipokewa kwa shangwe, na sasa tunayasikia yakirudiwa darasani kana kwamba ni jambo lililokwisha.

Sisi hatukubali. Wala hatuwatetei wanafunzi walioandika kuwa kila kitu kimeandikwa. Tunasema kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zimeitafuta hiari ya mtu mahali isipokaa. Upande mmoja umeitafuta katika mnyororo wa sababu, haukuiona, ukasema haipo. Upande wa pili umeitafuta katika mwanya ulio kati ya pete mbili za mnyororo huo, ukaona mwanya mtupu, ukauita hiari. Tutajaribu kuonyesha kwamba nasibu iliyomo katika maumbile haiwezi kumpa mtu uhuru, na kwamba mwalimu anayefundisha hivyo anawapa vijana kisingizio kipya badala ya kile cha zamani. Jambo hili si la kupitishia wakati. Katika mji huu watu wamewahi kuulizwa, mbele ya majirani zao, walitenda nini na kwa nini. Na jibu la swali hilo lilihusu damu ya watu.

Kwanza kabisa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo insha zile zimeyachanganya, yaani jambo lisilotabirika na jambo lisilo na sababu. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, uko upande wa Kongo, lakini habari zake ni zetu pia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta yake lilitoboka, likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ikaingia Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuja kwetu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakomea karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Mara hii ya tatu watu hawakupata onyo la kuwafaa. Je, tuseme kwamba mlima ulikata shauri? Au tuseme kwamba ulilipuka kwa nasibu tupu? La, hasha. Wataalamu waliouchunguza baadaye walieleza kwamba magma ilikuwa tayari imekaa karibu na uso wa ardhi. Ubavu wa mlima ulipopasuka, magma hiyo haikuwa na safari ndefu ambayo ingetikisa mitambo ya kupimia siku nyingi kabla. Sababu ilikuwapo; kilichokosekana ni habari. Kutojua kwetu hakukuwa uhuru wa mlima. Vivyo hivyo mtu ambaye matendo yake hayatabiriki hajawa huru kwa ajili hiyo. Mlevi naye hatabiriki.

Pili, tukubali lile ambalo mwenzetu amelisema kwa haki. Mwaka 1814 Mfaransa Laplace aliandika kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma kwa wakati mmoja, ingeweza kuyahesabu yote yaliyopita na yote yajayo. Mwaka 1927 Mjerumani Heisenberg alionyesha kuwa mahali na mwendo wa chembe haviwezi kujulikana kwa ukamilifu kwa pamoja. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Arthur Eddington, alitoa kitabu ambamo alitangaza kwamba sayansi haina tena sababu ya kuipinga hiari ya mwanadamu. Dai la mwenzetu, kwa hiyo, si jipya. Lina umri wa karibu miaka mia moja. Tena wako wanafizikia, kama David Bohm mwaka 1952, waliotoa maelezo mengine ya fizikia hiyo hiyo yasiyo na nasibu ndani yake, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini hatutajificha nyuma ya mabishano hayo. Tutampa mwenzetu yote anayotaka: tuseme kwamba nasibu ya atomu ni nasibu ya kweli, si ujinga wetu. Je, amepata nini?

Nasibu hiyo haiko mbali nasi. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu nyingi, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yoyote ni ya aina iitwayo potasiamu 40, ambayo viini vya atomu zake huvunjika vyenyewe. Katika muda wa miaka bilioni 1.25 nusu yake huwa imekwisha kuvunjika, na kwa hesabu hiyo wataalamu huweza kupima umri wa miamba ya kale. Lakini ukiichukua atomu moja tu ukauliza itavunjika lini, leo jioni au baada ya miaka bilioni, hapana jibu. Wala, kwa mujibu wa fizikia anayoisifu mwenzetu, hapana kitu kilichofichika ndani yake kinachoijua saa hiyo. Hii ndiyo nasibu safi. Sasa, potasiamu hiyo hiyo imo katika maharage na viazi tunavyokula, kwa hiyo imo katika miili yetu. Katika mwili wa mtu mzima huvunjika atomu 4,000 hivi kila sekunde. Basi tumwulize mwenzetu: ikiwa mwanya katika sababu ndio hiari, je, kila mmoja wetu hutenda matendo ya hiari elfu nne kila sekunde, hata akiwa usingizini? Na maiti je? Maana potasiamu haiachi kuvunjika mtu anapokufa.

Lugha yetu ingaliweza kumwokoa mwenzetu kama angaliisikiliza. Mswahili akitaka kusema kwamba mtu ameazimia jambo, husema amekata shauri. Huwezi kulikata shauri ambalo halikuwapo. Kwanza lipo shauri lenyewe, yaani kupima, kuuliza, kusikiliza upande huu na upande ule, hata kama shauri hilo ni la mtu na nafsi yake tu. Kisha ndipo linapokatwa. Kitenzi kuamua nacho kinatuelekeza huko huko: tunawaamua watu wanaopigana, yaani tunawatenganisha, na tunaamua kesi. Mwenye kuamua ni kama kadhi aliyeketi kati ya sababu zake mwenyewe zinazogombana. Atomu haina shauri, haina kesi, haina ugomvi ndani yake. Tazameni sasa neno kura. Tunasema kupiga kura tunapoiachia bahati igawe vitu au zamu. Na tunasema pia kupiga kura tunapochagua viongozi. Neno ni moja, lakini matendo ni mawili yanayopingana: katika la kwanza watu wamekubaliana kutochagua, katika la pili wanachagua. Mwenzetu ameliona la kwanza ndani ya atomu, akadhani ameliona la pili.

Tutoe mfano wa kazi yetu. Mwalimu ana karatasi 60 za mtihani, naye amechoka. Anachukua sarafu na kuirusha: upande huu, mwanafunzi amefaulu, upande ule, ameanguka. Hapana kitu chochote katika karatasi kilichomlazimisha kutoa alama hii au ile. Mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe ameanguka, mwalimu huyo atajibu nini? Hana la kujibu, kwa sababu alama hiyo si yake. Lililo lake ni kosa la kurusha sarafu. Lakini mwalimu aliyezisoma karatasi kwa makini, ambaye kila alama aliyoitoa imelazimishwa na majibu yaliyomo, huyo ndiye aliyetoa hukumu iliyo yake, naye anaweza kusimama mbele ya mzazi yeyote. Kulazimishwa na ukweli hakukumpunguzia uhuru wake. Yule aliyejiondoa katika ulazima huo ndiye aliyeupoteza.

Padre Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliyagawa yote yaliyopo kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda: umuntu ni kilichopo chenye akili, ikintu ni kilichopo kisicho na akili, kisha akafuatia na mahali na namna. Sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kubishana naye, kwa kuwa ngeli ya mtu katika Kiswahili humpokea hata ng'ombe na kipepeo. Lakini mpaka aliouweka ni wa maana kwa suala letu. Hakusema kwamba mtu ni kile kisichoguswa na sababu, na kitu ni kile kinachosukumwa nazo. Alisema kwamba tofauti yao ni akili. Kitu kinasukumwa bila kujua. Mtu anaweza kuijua sababu inayomsukuma, akaipima, akaikubali au akaikataa kwa sababu nyingine iliyo bora zaidi.

Haitakuwa haki tukimjibu mwenzetu na kuwaacha watetezi wa hoja yake walio hodari kuliko yeye. Mwanafalsafa wa Marekani, Robert Kane, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, hakudai kwamba kila nasibu ni hiari. Alisema kwamba ziko saa chache ambapo mtu huvutwa na nia mbili zinazopingana, zote zikiwa zake, na ubongo wake haujalazimika kuelekea huku wala kule. Upande wowote utakaoshinda, tendo litakuwa na sababu zake mtu huyo, hivyo litakuwa lake. Na kwa kuwa halikuamuliwa tangu zamani, atakuwa amejijenga mwenyewe. Hoja hii ni ya kuheshimiwa. Lakini itazameni vizuri. Kinacholifanya tendo kuwa lake ni zile sababu, si nasibu. Chukueni watu wawili walio sawa kwa kila hali, malezi yale yale, nia zile zile, juhudi ile ile hadi dakika ya mwisho. Mmoja akafungua mlango, mwingine akaufunga. Kama walikuwa sawa kwa kila kitu, tofauti yao imetoka wapi? Haikutoka kwa yeyote kati yao. Imetoka katika bahati. Sehemu ile hasa tuliyotaka kumsifia mmoja na kumlaumia mwingine ndiyo sehemu isiyo na mwenyewe.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mlango wa namna hiyo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyezaliwa mwaka 1934, mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki, alikuwa akisimamia kituo cha Saint Pierre hapa Gisenyi. Aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa, akawasaidia wengine kuvuka mpaka kuingia Goma. Nduguye, aliyekuwa kanali wa jeshi, alimtaka aondoke ili ayaokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha watu 43 aliokuwa nao, akamwandikia nduguye kumweleza hivyo. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja na waliokuwa kwake, mahali palipoitwa Commune Rouge. Taifa limemweka miongoni mwa mashujaa wake wa daraja la Imena.

Wahenga walisema, mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Niyitegeka aliusikia mwito wa nduguye, akapima alichoitiwa, akakikataa. Yamkini waliomfahamu vema hawakushangazwa na jibu lake. Maisha yake yote yalikuwa yakielekea huko. Je, kwa kuwa jibu hilo lilitoka katika imani yake, katika malezi yake na katika upendo wake kwa watu wale, tuseme halikuwa la hiari? Na lau tungeambiwa leo kwamba saa ile jibu lake lilining'inia katika mtikisiko mmoja wa nasibu ubongoni, na kwamba mtikisiko ule ungeweza vilevile kumfanya aandike kuwa anaondoka, je, tungemheshimu zaidi? Sisi tunaona kwamba tungebaki hatujui tunamheshimu nani. Uhuru wake haukuwa katika kuweza kugeuka huku na huku kama jani. Ulikuwa katika kujua alilolitenda, kujua gharama yake, na kulitenda kwa sababu alizozikubali kuwa ni zake. Hiari yashinda utumwa, nasi tunaijua hiari kwa alama hizo.

Upande mwingine wa suala hili ni mgumu zaidi kuusema, lakini hatuwezi kuuruka. Mahakama za Gacaca zilifungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi zaidi ya milioni 1.9 nchini kote. Zimesifiwa na zimelaumiwa, na hapa si mahali pa kuzipima. Tunataka mkumbuke tu maswali yaliyoulizwa pale. Hapana aliyeuliza kuhusu atomu. Watu waliuliza: Ulijua unakokwenda? Nani alikuita? Ulitishwa, na nani, kwa silaha gani? Ungeweza kujificha? Ulisema nini? Kwa nini ulikwenda siku ya pili? Sheria nayo iliwatenga waliopanga na kuchochea na wale waliofuata. Maswali haya yote yanauliza juu ya shauri la mtu: kama lilikuwapo, kama lilinyang'anywa kwa nguvu, au kama mtu alilitupa mwenyewe. Mtu aliyejitetea kwa kusema "iliandikwa" hakujibu swali hata moja. Na leo mwenzetu akimfundisha kijana kujitetea kwa kusema "ilitukia tu, maumbile hayana sababu", naye hatakuwa amejibu. Kadari na nasibu, zikitumiwa hivyo, ni nguo mbili za kujifunika mtu yule yule.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Litasema: Ikiwa jibu la Niyitegeka lilitoka katika malezi yake, basi ukatili wa muuaji nao ulitoka katika malezi yake, hakuyachagua, basi msimlaumu. Tunakiri kwamba pingamizi hili lina ukweli ambao hatuwezi kuufuta. Hapana mtu aliyejichagulia wazazi, redio aliyoisikiliza utotoni, wala mwalimu wake. Ukweli huo watupasa kuwa wanyenyekevu tunapohukumu, na utuogopeshe sisi walimu kuliko watu wengine. Lakini haufuti lawama. Malezi yaliyompa mtu akili ya kupima yamempa pia uwezo wa kuyapima malezi hayo. Wengi waliolelewa katika chuki ile ile waliikataa. Hawakuikataa kwa kuwa mnyororo wa sababu ulikatika vichwani mwao; waliikataa kwa sababu walikuwa na sababu nyingine, nao wakaisikiliza. Na nasibu, tena, haimsaidii mtu hapa. Kama malezi mabaya ni udhuru, bahati mbaya ya atomu ni udhuru mkubwa zaidi.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa katika kazi yetu. Kufundisha ni kuweka sababu ndani ya mtu. Tunapomfundisha mtoto kusoma, tunayafanya matendo yake yatabirike zaidi: akiona neno, atalisoma, akiona hoja mbovu, ataikataa. Kama hiari ingekuwa ni kutolazimishwa na chochote, basi kila somo lingekuwa linaipunguza, na mtu aliye huru kuliko wote angekuwa yule asiyefundishwa neno. Hapana mwalimu anayeamini hivyo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, katika Mkoa wetu huu wa Magharibi, waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na baadhi yao wakauawa. Nao pia wamo katika daraja la Imena. Vijana wale walikuwa na sababu iliyo nzito kuliko bunduki. Sababu ya namna hiyo haitegemei bahati. Hupandwa na watu, na sisi ni miongoni mwa wapandaji.

Tufanye nini basi darasani? Tunapendekeza mambo matatu, yote yamo katika somo letu.

La kwanza ni sarufi. Kiswahili kina utajiri wa minyambuliko inayogawa wajibu. Mtoto husema "Kikombe kimevunjika", wala hasemi "Nimekivunja". Kauli ya kutendeka ina kazi yake halali: tawi hukatika, jabali hupasuka, kiini cha atomu huvunjika. Lakini tuwafundishe wanafunzi kuuliza ni wakati gani kauli hiyo inasema kweli na ni wakati gani inamficha mtendaji. "Fedha zimepotea", "maisha yalipotea", "maneno yalinitoka": tuwape sentensi kama hizi, wazirudishe katika kauli ya kutenda, kisha wajadili ni ipi iliyo ya kweli. Vivyo hivyo na ule usemi wetu wa kila siku, "shetani alinipitia". Tuwaulize: Alipokupitia, wewe ulikuwa wapi?

La pili ni methali. "Ajali haina kinga" isifundishwe kama mwisho wa fikra. Neno ajali lilitujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa saa ya mtu kufa. Sisi tumelitumia pia kwa gari lililopinduka na nyumba iliyoporomoka, tukaiacha harufu ya kuandikiwa imfuate kila dereva mzembe. Mwezi Mei 2023 mto Sebeya ulifurika katika wilaya yetu ya Rubavu, na mvua za usiku ule ziliua watu zaidi ya 130 nchini, hasa katika Mkoa huu wa Magharibi. Mvua hapana aliyeiamuru. Lakini mahali pa kujenga nyumba, miti ya kuacha kwenye mteremko, kuta za kuzuia mto na onyo la kupeleka usiku ni mambo ya shauri la watu. Insha nzuri juu ya methali hii ni ile inayoonyesha mpaka kati ya mambo hayo mawili. Wala hatugusi imani ya mtu. Wanazuoni wa dini wamejadili kudura ya Mungu kwa karne nyingi, na hatujasikia kwamba waliacha kwa ajili hiyo kumwambia mwizi arudishe alichokiiba.

La tatu linamhusu mwenzetu wa sayansi, ambaye tunamtaka awe upande wetu. Awafundishe wanafunzi fizikia ya atomu, tena kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii. Awaonyeshe kwamba maumbile yana nasibu ndani yake, kama ndivyo yalivyo. Kisha akifika mpakani mwa somo lake awaambie kwa uaminifu kwamba nasibu hiyo haikumfunga mtu na haikumfungua. Ulimwengu ambao kila kitu kimelazimishwa na ulimwengu ambao baadhi ya vitu vimeachiwa bahati, katika yote miwili mtu hubaki na kazi ile ile: kujua anachotenda, kupima sababu zake, na kuzijibia akiulizwa.

Tutakapowapa tena wanafunzi insha ile, tunakusudia kuibadilisha kidogo. Waandike juu ya usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lakini kila mmoja ataje jambo moja lililotukia lenyewe na jambo moja ambalo mtu fulani alilikatia shauri: aliyefungua mlango wake kwa jirani wa Goma, aliyepandisha nauli mara tatu, aliyebaki na mgonjwa asiyeweza kutembea. Kisha waeleze wamejuaje kulitofautisha la kwanza na la pili. Tunawaalika walimu wengine wafanye hivyo hivyo katika shule zao, na yeyote anayeona kuwa tumekosea atujibu katika ukurasa huu huu, kwa sababu.